Pampu ya mafuta inalia kwenye gari ya spoti uliyonunua mkononi: jinsi ya kujua tatizo liko wapi kabla hujanunua pampu nyingine

Pampu ya mafuta ikianza kulia wengi wanakimbilia kununua mpya, alafu baada ya muda mfupi ile mpya nayo inaanza kulia, maana kilichokuwa kinaiumiza ya kwanza bado kipo pale pale. Kelele ni malalamiko. Pampu inakwambia haipati mafuta ya kutosha upande wa kuvuta, au inasukuma kwenye njia iliyoziba, au umeme unaoifikia ni dhaifu, au imefungwa vibaya mpaka inagusa chuma, na wakati mwingine kweli ni yenyewe imechoka, ila hilo liwe jibu la mwisho baada ya kuyaondoa mengine.

Na gari ya spoti iliyopita mikono kadhaa ina jambo lake. Zinachezewa. Mwenyewe wa kwanza kaweka turbo kubwa, wa pili kabadilisha pampu ili iendane na hiyo turbo, wa tatu karudisha injini ya kawaida ila pampu kaiacha, wewe unanunua unasikia wiiiiii nyuma ya siti na huna historia yoyote. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kupima na nusu nyingine ni kugundua waliokutangulia walifanya nini mle ndani ya tangi.

Sauti ipi ni ya kawaida

Ukifungua swichi bila kupiga starti, gari nyingi zinawasha pampu kwa sekunde 2 hivi ili presha ijae, alafu inazima yenyewe mpaka injini izunguke. Gari za miaka ya karibuni nyingine zinafanya hivyo ukifungua mlango tu wa dereva. Hiyo mmmm fupi kutoka nyuma ni salama kabisa, usiipuuze bali ijue vizuri, maana ndo kipimo chako cha kulinganisha siku ikibadilika. Injini ikiwa inazunguka pampu inaendelea kuvuma muda wote, ila kwenye gari isiyochezewa, ukiwa umekaa ndani na vioo vimefungwa, unatakiwa uisikie kwa shida au usiisikie kabisa.

Pampu nyingi za kisasa zinakaa ndani ya tangi, zimezama kwenye petroli, na petroli hiyo hiyo ndo inayozipoza na kuzilainisha. Shika hilo kichwani maana dalili nyingi huko chini zinatokana nalo. Gari za zamani kidogo zina mpangilio tofauti, kwa mfano Porsche 944 pampu yake kubwa iko nje chini ya gari karibu na tangi, na BMW E30 za mwanzo zina pampu mbili, ndogo ndani ya tangi inayoinua mafuta na kubwa nje inayosukuma kwenda injini. Kwenye mpangilio wa mbili, ya nje ikilia sana kagua kwanza ile ndogo ya ndani kama inafanya kazi, kwa sababu ikifa, ya nje inabaki kuvuta peke yake kazi ambayo haikutengenezewa, na inalia mpaka na yenyewe inakufa. Watu wamebadilisha pampu za nje mara mbili mbili kumbe aliyekufa ni mdogo wake wa ndani.

Hakikisha kweli ni pampu

Hapa usiharakishe, kwa sababu sauti husafiri kwenye bodi ya gari na masikio yanadanganya. Kipimo cha kwanza ni rahisi: fungua swichi tu, injini ikiwa imezima, msaidizi awe nyuma ameinua siti ya nyuma au ameweka sikio karibu na mdomo wa kujazia mafuta. Sauti unayoilalamikia ikisikika kwenye hizo sekunde 2, basi umepata. Isiposikika, washa injini, acha izunguke silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na sauti ikiwa ipo chomoa rilei ya pampu, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha. Injini itazunguka sekunde chache kwa presha iliyobaki kabla ya kuzima, na hizo sekunde chache ndo za thamani: kelele ikikata papo hapo wakati injini bado inazunguka, ni pampu. Ikiendelea mpaka injini inazima, ni kitu kingine.

Vitu vingine vinavyosingiziwa pampu ni hivi. Mluzi unaopanda na kushuka ukipiga resi gari ikiwa imesimama, tafuta mbele, alteneta au pampu ya usukani au beringi ya mkanda, maana pampu ya mafuta ya umeme haizungushwi na injini. Mluzi unaofuata spidi ya gari na unaobaki hata ukiweka nyutro ni difu au beringi ya tairi, na kwenye gari ya kusukumwa na tairi za nyuma difu iko pale pale karibu na tangi kwa hiyo ni rahisi kuchanganya. Mngurumo mkubwa wa dakika moja hivi asubuhi injini ikiwa baridi alafu unakata wenyewe, hiyo mara nyingi ni pampu ya hewa ya ekzosi, Porsche, BMW na Subaru kadhaa wanazo. Tik tik tik ya mbele ni injekta, zile zinazopulizia injini mafuta, au valvu ya mvuke wa petroli. Na kuna mluzi unaotoka kwenye spika za redio, huo ni umeme wa pampu unaingilia redio, zima redio kabisa uone kama unaondoka, ukiondoka tatizo lako ni nyaya na ardhi ya redio, yaani waya wake wa hasi unaoungwa kwenye bodi, pampu iache ipumzike.

Gari zenye injekta za moja kwa moja kwenye silinda zina pampu ya pili, ya presha kubwa, inaendeshwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, na iko kwenye injini. Hiyo inagonga tik tik kwa asili yake. Subaru BRZ na Toyota 86 za mwanzo zinajulikana kwa sauti ya nyenje wakati wa silensa, inatoka kwenye hiyo pampu, na wenye gari wengi waliishi nayo bila gari kupata shida yoyote. Ila ukiwa na Volkswagen Golf GTI ya Mk5 au Audi TT yenye 2.0 TFSI ya kizazi cha EA113, usipuuze, kile kikombe kidogo kinachokaa kati ya kamshafti na pampu kinalika, kikitoboka kinaharibu pampu na kamshafti yenyewe. Kukifungua na kukiangalia ni kazi ndogo, na kwa gari ya kununua mkononi mimi ningekiangalia hata kama hakuna sauti.

Kabla hujashika spana

Petroli haitaki mchezo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini sakafuni, unaweza kutambaa mpaka kwenye cheche iliyo mbali na wewe. Fanya kazi mahali pa wazi, usitumie taa ya balbu ya moto inayoweza kupasuka, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi sio garini, simu na sigara mbali. Toa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iache izime yenyewe, piga starti tena sekunde chache, ndo utoe betri upande wa hasi. Hata hapo ukifungua mpira funika na kitambaa, kuna matone yatabaki. Na usijaribu pampu ikiwa kavu mezani eti usikie kama inazunguka, pampu kavu inajila yenyewe ndani ya muda mfupi.

Inalia wiiii muda wote, sawasawa, tangu siku ulipoinunua, na gari inatembea vizuri

Hii ndo ya kawaida kuliko zote kwenye gari za spoti na mara nyingi sio ugonjwa. Kuna mtu aliweka pampu kubwa. Walbro ya lita 255 kwa saa inajulikana kwa kuwa na sauti kuliko ya kiwandani, na Bosch 044 ikifungwa nje chini ya gari inasikika mpaka kwa anayepita pembeni. Ukifungua kifuniko cha tangi utaijua haraka, pampu haifanani na mabano iliyokalia, imefungwa kwa klampu au vifungo vya plastiki, na waya zimeungwa.

Ila kabla ya kusema ni kawaida, angalia mambo mawili. La kwanza ni mipira. Kiwandani pampu inakaa kwenye kikombe cha mpira chini na shati la mpira pembeni ili mtikisiko usifike kwenye tangi. Aliyebadilisha pampu mara nyingi alikuta shati la mpira halitoshi kwenye pampu mpya akalitupa, pampu sasa inagusa bati la mabano, bati linagusa tangi, tangi zima linakuwa spika. Ukishika kifuniko cha tangi kwa mkono pampu ikiwa inazunguka utausikia mtikisiko vidoleni, na ukikandamiza kidogo sauti ikabadilika, hapo jibu umepata. Vile vile fuata bomba za chuma kutoka kwenye tangi kwenda mbele, kila klipu yenye mpira iwepo, bomba likigusa bodi sehemu moja tu linapeleka sauti yote ndani. Hiyo inatengenezwa kwa mpira wa kuvumilia petroli na dakika chache za kazi, na tofauti yake ni kubwa sana.

La pili ni umeme wa pampu. Gari nyingi za spoti za Kijapani hazikuipa pampu nguvu yote muda wote. Supra ya turbo ina kompyuta ndogo ya pampu, Nissan kadhaa zina moduli yake, Subaru WRX ina moduli inayoipa pampu nguvu kwa hatua za asilimia 33, 66 na 100 kulingana na mzigo. Wanaotafuta nguvu wanairuka hiyo moduli, wanavuta waya mnene kutoka betri na rilei, pampu inazunguka kwa nguvu zote hata ukiwa kwenye foleni. Inalia, na inayapasha moto mafuta kwa kuyazungusha bure kwenda na kurudi. Kama injini yako sasa ni ya kawaida na pampu ni ya kawaida, rudisha moduli, utapata ukimya na mafuta ya baridi. Kama injini imeongezwa nguvu, waya mnene uache, ni afadhali kelele kuliko injini kukosa mafuta kwenye mzigo mkubwa.

Inakuwa kimya tangi likijaa, inalia likifika robo, na kwenye kona gari inakohoa

Hapa pampu inavuta hewa au iko karibu kuvuta hewa. Sauti inakuwa ya juu, inapandapanda, wakati mwingine na mibubujiko. Sababu ya kwanza ni kukaa na tangi tupu, na kama mwenyewe wa zamani alikuwa wa kuweka mafuta kidogo kidogo pampu imeshazunguka bila kupozwa vizuri kwa miaka. Jaza tangi uone. Kelele ikiondoka kabisa, tatizo linahusiana na kina cha mafuta, na kuna sehemu tatu za kutazama.

Soksi ya pampu, lile chujio dogo la kitambaa linaloning'inia chini yake, lazima liguse sakafu ya tangi. Aliyefunga pampu fupi kuliko ya kiwandani kaiacha inaelea sentimita kadhaa juu, kwa hiyo geji inasema robo na pampu inasema hakuna kitu. Au kaelekeza soksi upande usio sahihi, imejikunja ikaziba mdomo.

Ya pili ni umbo la tangi. Gari yenye shafti ya kwenda tairi za nyuma, mara nyingi tangi linakaa juu ya shafti kama tandiko, lina mabonde mawili. Pampu iko bonde moja, na mafuta ya bonde la pili yanahamishwa na kifaa kidogo kinachotumia nguvu ya mafuta yanayorudi kufyonza ng'ambo. Kifaa hicho kikiziba au kampira kake kakichomoka, bonde la pili linabaki limejaa huku pampu inakauka. Dalili yake ni ya kushangaza kama hujawahi kuiona: geji haijafika chini, labda iko robo au zaidi, gari inazima kama imeishiwa, ukiongeza mafuta inawaka vizuri. Fungua vifuniko vyote viwili chini ya siti ya nyuma uchungulie, utaona upande mmoja umejaa na mwingine mkavu.

Ya tatu ni mpira wa ndani ya tangi, na huu naomba uusome taratibu. Mpira wa petroli wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani, haukutengenezwa kuzamishwa. Kwa kuzama kuna mpira wake maalumu umeandikwa SAE 30R10 ubavuni. Watu wanafunga pampu mpya na kipande cha mpira wa kawaida, wa 30R7 au hata usio na maandishi, na petroli inaula kutoka nje. Ukiutoa utaukuta umevimba, mlaini, unaacha weusi vidoleni, na ukiukunja kidogo unaona mipasuko midogo midogo imeuzunguka, alafu pembeni ya klampu kuna ufa mmoja mrefu unaofunguka kama ukiubinya. Kupitia ufa huo mafuta yanarushwa ndani ya tangi badala ya kwenda injini, unasikia shhhh na mibubujiko, presha inashuka, na tangi likiwa limejaa unaweza usisikie kabisa kwa sababu ufa umefunikwa. Pampu ni nzima. Kipande cha sentimita chache cha mpira ndo kimeharibu kila kitu.

Inalia zaidi baada ya safari ndefu au jua likiwa kali

Petroli ya moto inachemka kirahisi, hasa upande wa kuvuta ambapo presha ni ndogo. Pampu ikivuta kwa shida, mafuta yanageuka mapovu ya mvuke kwenye mdomo wake, mapovu yakifika upande wa presha yanapasuka, na huo mpasuko ndo kelele unayoisikia, ni sawa na mtu anayenyonya kinywaji kwa mrija uliobanwa. Kwa hiyo ukisikia inalia ikiwa moto tu, tafuta kinachobana upande wa kuvuta.

Anza na mfuniko wa mafuta, ni bure. Kelele ikiwa juu kabisa, simama mahali salama, zima injini, fungua mfuniko taratibu. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu kwenda ndani, washa tena usikilize, na kama kelele imepungua, njia ya tangi kupumua imeziba, tangi lilikuwa linavutwa ndani. Kagua mtungi wa mkaa unaonasa mvuke wa petroli, valvu zake na bomba zake, kwenye gari zilizochezewa mara nyingi mtu alitoa mtungi akaziba bomba. Hewa ikitoka nje kidogo siku ya joto hiyo ni kawaida.

Baada ya hapo ni soksi. Gari iliyolala miaka bila kutembea, petroli ya zamani inageuka gundi ya rangi ya kahawia, na tangi la chuma linaota kutu juu ya usawa wa mafuta. Soksi nzima inakuwa nyeupe au ya rangi moja na unaona nyuzi zake. Iliyokufa ina vumbi jekundu la kutu limejaza nyuzi, au imekauka ngumu kama karatasi ya gundi. Ukikuta kutu, usibadilishe soksi peke yake. Safisha tangi, vinginevyo ndani ya wiki chache utarudi pale pale.

Inavuma nzito, inazidi ukikanyaga mafuta, na gari inakosa nguvu

Sasa ni wakati wa kupima, maana sikio peke yake halitoshi. Unahitaji geji ya presha ya mafuta, multimita (kipima umeme), na kama unaweza kupata klampu ya kupima ampea za dc, yaani umeme wa betri, utajua mambo mengi kwa haraka.

Presha kwanza. Gari nyingi zenye injekta za kawaida ziko kati ya bar 3 na 4, yaani psi 43 hadi 58 hivi, lakini chukua namba ya kitabu cha gari yako. Porsche 911 za zamani zenye K-Jetronic, mfumo wa injekta wa kimakanika wa Bosch, zinafanya kazi kwenye presha ya juu zaidi, karibu bar 5, kwa hiyo pampu ya gari nyingine haifai kule. Kwenye mfumo wenye regulata ya mbele, kifaa kinachodhibiti presha, na kampira ka vakyumu, yaani ka mvuto wa hewa wa injini, ukichomoa hako kampira injini ikiwa silensa presha inapanda, mara nyingi kama nusu bar. Isipopanda, regulata ina shida, na ukikuta petroli ndani ya kampira ka vakyumu, ngozi yake imepasuka, badilisha leo.

Alafu funga geji vizuri uweze kuisoma ukiwa barabarani, mwenzako aendeshe. Presha inayokaa vizuri silensa na kuanguka ukikanyaga mafuta inamaanisha pampu haipeleki mafuta ya kutosha, na sababu kubwa ni tatu: filta au soksi, umeme, au pampu.

Ampea zinatenganisha. Pampu ya kawaida inavuta kama ampea 4 hadi 8, kubwa za kuongezwa zinaweza kufika 10 au kupita. Filta ya mbele ya pampu ikiziba pampu inasukuma kwenye ukuta, ampea zinapanda na sauti inakuwa nzito. Soksi ikiziba au mafuta yakiwa machache pampu inazunguka nyepesi, ampea zinashuka na sauti inakuwa nyembamba ya juu. Ukishajua hii tofauti, utakuwa unabahatisha mara chache sana.

Umeme upime kwenye plagi ya pampu yenyewe injini ikiwa inazunguka, usipime betri ukaridhika. Betri ikionyesha volti 14 na plagi ya pampu 11, pampu inafanya kazi kwa njaa. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu: ikizidi volti 0.5, kuna waya, rilei au swichi inayokula umeme. Rudia upande wa hasi, na usiusahau huu, maana ardhi yenye kutu ni tatizo la kila siku kwenye gari za umri mkubwa. Angalia pia plagi ya juu ya kifuniko cha tangi. Pampu kubwa kwenye waya za kiwandani inaichoma taratibu, utaona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, pini yenyewe imepoteza mng'ao na imelegea. Hiyo plagi ikatwe iwekwe nyingine, kuisugua hakusaidii.

Kipimo cha mwisho ni ujazo. Kwenye mfumo wa kurudisha, ule unaorudisha mafuta yaliyobaki kwenye tangi, elekeza bomba la kurudi kwenye chombo salama, na ikipita sekunde 30 uwe umepata angalau nusu lita, pampu nzuri kwa kawaida inazidi hapo. Presha nzuri na ujazo mdogo inawezekana kabisa, ndo maana wengi wanapima presha silensa wanaona sawa alafu gari inaendelea kukosa nguvu.

Krrrr, kusaga, au inakata na kurudi

Sauti ya chuma kusagana, au pampu inayoanza tu ukigonga tangi kwa chini, hiyo imekufa. Brashi za mota zimeisha au beringi imelika, usibaki nayo, itakuacha barabarani. Inayokata na kurudi bila sauti ya kusaga, kagua rilei kwanza, lehemu zake zinapasuka kwa ndani ikipata joto.

Gari inayochukua muda kuwaka baada ya kulala, na presha imeshuka hadi sifuri ndani ya dakika chache ukizima, ina valvu ya kuzuia mafuta yasirudi iliyochoka ndani ya pampu, au regulata, au injekta inayovuja. Binya bomba la kurudi kwa kifaa chake baada ya kuzima: presha ikikaa, ni regulata. Isipokaa, binya la kwenda, ikikaa sasa ni pampu. Isipokaa kote, injekta. Mipira tu ndo inabinywa, bomba la plastiki gumu usiliguse.

Ukiishia kubadilisha pampu

Usinunue kubwa kuliko unavyohitaji. Pampu kubwa mno kwenye mfumo wa kurudisha inaweza kuishinda regulata silensa, presha inapanda juu ya namba ya kitabu, gari inakunywa mafuta na plagi za cheche zinakuwa nyeusi. Kwa injini ya kawaida, ya kiwandani au inayolingana nayo ndo nzuri na ndo yenye ukimya. Bandia ni nyingi sana, hasa za Walbro na Bosch 044, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeweza kuonyesha ametoa wapi, na ukiona maandishi yamefifia au uzito hauendani na ya zamani, rudisha.

Pampu mpya inaingia na soksi mpya, filta mpya, mpira wa 30R10 na klampu za kubana mzunguko mzima, na oringi (pete ya mpira) mpya ya kifuniko, ile ya zamani ikitoka inavimba na hairudi kwenye nafasi yake. Pete ya kifuniko gonga kwa shaba au mti, chuma kwa chuma kinatoa cheche. Hakikisha chanya na hasi, pampu ikizungushwa kinyume inatoa sauti mbaya na presha hafifu na utadhani umeuziwa mbovu.

Weka mafuta angalau nusu tangi kabla ya kuijaribu. Fungua swichi, subiri ikate, funga, rudia mara nne au tano mpaka presha isimame kwenye geji, alafu kagua kila maungio kwa tochi kabla ya kupiga starti. Acha injini ifike joto la kazi, kagua tena, pima volti kwenye plagi na andika namba zote, presha, volti na ampea, uziweke pamoja na karatasi za gari. Filta ya mbele ikague tena ukimaliza tangi la pili, kwa sababu uchafu uliotikiswa wakati wa kazi unafika pale, na ukiipuliza kinyume kwenye chombo cheupe ikatoa vumbi jekundu, tangi halijasafishika bado.